Hans Rott na Walimu Wake

Katika habari za watunzi wa muziki wa Ulaya wa nusu ya pili ya karne ya 19 kuna majina yanayosikika kila mahali, kama Wagner, Brahms, Bruckner na Mahler; na kuna majina ambayo hutajwa kando ya hayo tu, kama jina la mtumishi litajwavyo katika wasia wa tajiri. Hans Rott ni mmoja wa hao wa pili. Alizaliwa kando ya mji wa Vienna mwaka 1858, akafa Vienna mwaka 1884, hajatimiza miaka 26. Kazi yake kubwa ni simfoni moja ya ufunguo wa E meja, na kazi hiyo hakupata kuisikia ikipigwa hata siku moja.

Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi tangu simfoni hiyo ilipofufuliwa, na karibu kila msimulizi hukisimulia kama kesi iliyo mbele ya kadhi. Upande huu yupo mwalimu mwema, Anton Bruckner, aliyemtetea kijana. Upande ule yupo mkubwa mwenye ulimi mkali, Johannes Brahms, aliyemvunja moyo. Na katikati yupo kijana aliyepotewa na akili. Kisa cha namna hii husomeka vyema, na machozi hayawi mbali. Ila kina kasoro moja: mtu aweza kukisimulia tangu mwanzo hata mwisho pasipo kuisikiliza simfoni yenyewe. Na mtu akiisikiliza, ataona kwamba shahidi huyu ana ushuhuda wake, nao haupatani sawasawa na ule wa wengine.

Maisha ya Rott yaweza kuelezwa kwa maneno machache, maana yalikuwa mafupi. Baba yake alikuwa mwigizaji wa michezo ya kuchekesha aliyejulikana sana Vienna. Mama yake alikufa mwaka 1872. Mwaka 1874 baba aliumia jukwaani, asiweze kuigiza tena, na baada ya miaka miwili naye akafa. Kijana aliyekuwa ameingia chuo cha muziki cha Vienna akawa yatima asiye na fedha. Chuo kikamsamehe ada. Alijifunza kinanda kikubwa cha kanisani, kile chenye mabomba, kwa Bruckner, na utunzi kwa Franz Krenn. Wenzake darasani walikuwa pamoja na Gustav Mahler. Kwa muda alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la mapadri wa Piaristi mjini humo, akakaa katika nyumba yao.

Bruckner, basi, alimfundisha Rott kinanda, hakumfundisha utunzi. Tofauti hii ni kubwa, nayo husahauliwa kila mara watu wanapomwita Rott mtoto wa Bruckner. Mpiga kinanda cha kanisa ni mfalme asiye na baraza. Akivuta kishikio kimoja, tarumbeta zote hulia, akikirudisha, hunyamaza. Hambembelezi mtu, hangoji mtu, wala kinanda hakichoki midomo wala mikono. Akitaka ukuta mzima wa sauti udumu robo saa, utadumu. Katika okestra mambo si hayo. Mpiga tarumbeta ana pumzi inayokwisha. Wapiga fidla, hata wakiwa wengi, hufunikwa na mabaragumu machache yakipigwa kwa nguvu. Na chombo kidogo kuliko vyote chaweza kuziba masikio ya ukumbi mzima kikiachwa kisemeseme ovyo. Mtu hayajui haya kwa kuambiwa. Huyajua kwa kuandika vibaya, kisha kusikia ubaya wake ukipigwa mbele yake na watu sitini, naye amesimama hapo hana pa kuuficha uso.

Bruckner mwenyewe aliyapitia haya, tena akiwa mtu mzima. Kwa miaka sita, tangu 1855 mpaka 1861, alifuata mafunzo ya Simon Sechter, mwalimu mkali wa kanuni za kupatanisha sauti, ambaye kwa muda wote huo alimkataza kutunga kitu chochote cha hiari yake. Mtu wa zaidi ya miaka 30, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz, akakubali kufungwa mdomo kama mtoto wa chuoni. Alipohitimu kwa Sechter alikwenda kwa Otto Kitzler, mpiga selo na kiongozi wa okestra ya tamthilia mjini Linz, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi. Kitzler ndiye aliyemfundisha namna ya kugawa sauti kwa vyombo vya okestra, na ndiye aliyemfungulia kazi za Wagner. Si kitu kidogo, mwalimu mzima kupiga goti mbele ya kijana. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila asemaye kwamba Bruckner alikuwa mtu wa kipaji tu asiye na elimu. Hali kadhalika likumbukwe tunapomtazama mwanafunzi wake Rott: Sechter wake alikuwa naye, lakini Kitzler wake hakuwa naye.

Sechter wa Rott alikuwa Krenn. Huyu ni katika walimu ambao dunia huwatendea kwa ukatili wa namna ya pekee, yaani huwakumbuka kwa wanafunzi wao tu, na wanafunzi wale hawakumpenda sana. Alizaliwa mwaka 1816. Alikuwa mtu wa muziki wa kanisa, mkavu, mtii wa kanuni. Mahler pia alipita mikononi mwake. Katika vitabu hupewa mstari mmoja, na mstari huo huwa wa dharau. Lakini anayesikiliza sehemu ya mwisho ya simfoni ya Rott, pale sauti moja inapokimbia na nyingine kuifuata nyayo, kisha ya tatu, kisha zote zikasukwa pamoja kama ukili wa mkeka bila hata moja kukatika, atambue kwamba ustadi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Kijana wa miaka 21 asingeweza kuusuka ukili huo kama asingekalishwa miaka minne juu ya mazoezi ya kuchosha. Hapo Krenn anastahili heshima, na aliyempa ni mwanafunzi wake, katika kazi yake, hata kama hakukusudia.

Mwaka 1878 Rott aliingia katika mashindano ya utunzi ya chuo, akapeleka sehemu ya kwanza ya simfoni yake. Yasimuliwa kwamba wajumbe wa baraza walicheka, na kwamba Bruckner alisimama akawaambia wasicheke, maana watayasikia mambo makubwa ya kijana yule. Tuzo Rott hakupata. Mahler alipata mwaka huohuo, kwa kipande cha piano na vyombo vya nyuzi.

Tendo hili la Bruckner limesifiwa, na sifa ni haki yake. Lakini mtu atazame hali aliyokuwa nayo Bruckner mwenyewe wakati ule. Miezi michache nyuma, tarehe 16 Desemba 1877, aliongoza kwa mikono yake simfoni yake ya tatu katika ukumbi wa Vienna, kwa sababu kiongozi aliyepaswa kuiongoza, Johann Herbeck, alikuwa amefariki mwezi wa Oktoba. Wasikilizaji waliondoka kidogo kidogo mpaka ukumbi ukabaki karibu mtupu. Katika wachache waliosalia alikuwamo Mahler. Kwa hiyo aliyesimama kumtetea Rott alikuwa mtu ambaye kicheko kile kilikuwa bado kinalia masikioni mwake. Alikuwa akijitetea na nafsi yake. Hilo halipunguzi wema wake, lakini laeleza kwa nini utetezi huo ulikuwa wa jumla: kijana atakuwa mtu mkubwa, basi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kijana kwamba hapa umeandika vyema na hapa hukuandika vyema, na sababu ni hii.

Kwa maana kuna mahali ambapo hakuandika vyema. Simfoni ya Rott huchukua karibu saa nzima. Huanza kwa tarumbeta moja, juu ya vyombo vya nyuzi vinavyotembea polepole chini yake, na wimbo ule hupanda ngazi kwa ngazi mpaka okestra nzima inaupokea. Ni mwanzo mzuri mno, mwanzo wa mtu ajuaye anakokwenda. Sehemu ya pili ni ya taratibu, ina sauti ya sala. Ya tatu ni ngoma ya kijijini ya Austria, yenye miguu mizito na kicheko, ambayo mara hugeuka ikawa kitu cha kutisha, kisha ikarudi kucheza. Ya nne ni ndefu kuliko zote, na ndimo alimoweka kila alichokuwa nacho.

Ndani ya uzuri huo kuna kipande kidogo cha chuma. Ni kile chuma cha pembetatu kinachogongwa kwa kijiti cha chuma, chenye mlio mwembamba wa kung'aa. Watunzi wengine wa zama zile walikitumia kama mpishi atumiavyo iliki: punje mbili, tatu, mahali pake. Rott hukimwaga. Hukigonga kwa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, kila wimbo unapopanda kileleni, na vilele vyake ni vingi. Wahakiki wa rekodi zake wamelalamikia jambo hili mpaka limekuwa kama mzaha. Kosa hili halikutokana na upungufu wa kipaji. Ni kosa la mtu aliyeuwazia mlio ule kwa jicho, juu ya karatasi, kama kishikio kimoja zaidi cha kinanda chake, asijue kwamba ukumbini mlio huo hupenya kila kitu. Jioni moja ya mazoezi ingetosha. Mpigaji angegonga kurasa kumi, mtunzi angeziba masikio, na kesho yake tisa zingefutwa. Ndivyo ilivyo pia kwa vilele vile vinavyofuatana hata vikapunguziana urefu: kinandani havimchoshi mtu, lakini pumzi ya tarumbeta ingemfundisha Rott kubana matumizi kuliko profesa yeyote.

Msomaji aliyezoea ushairi huenda asiuone uzito wa neno hili mara moja. Mshairi akimaliza utenzi wake anao mkononi. Ataughani barazani jioni ileile, na mzee mmoja akikunja uso kwenye ubeti wa kumi, mshairi amekwisha kujifunza. Mtunzi wa simfoni akimaliza hana kitu ila karatasi. Bila ya okestra kazi yake ni bubu, na okestra si mali ya yatima.

Septemba 1880 Rott alikwenda kwa Brahms. Alikuwa ameomba ruzuku ya serikali kwa wasanii, na Brahms alikuwa katika kamati iliyoshauri. Yasimuliwa kwamba Brahms alimwambia kazi yake ina mazuri yaliyochanganyika na upuuzi, kiasi kwamba mazuri yale hayawezi kuwa yake mwenyewe. Na kwamba auache muziki. Kama ndivyo alivyosema, alisema vibaya, tena uongo. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Wimbo mkuu wa sehemu ya mwisho ya simfoni ya Rott unafanana dhahiri na wimbo mkuu wa sehemu ya mwisho ya simfoni ya kwanza ya Brahms, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Kijana wa kambi ya Bruckner na Wagner, aliyekuwapo Bayreuth mwaka huohuo 1876, alimchukua pia mkubwa wa kambi nyingine akamfanya mwalimu wake bila kumwomba ruhusa, kisha akampelekea karatasi hizo mkononi. Yawezekana ilikuwa heshima. Yawezekana Brahms, ambaye mwenyewe alikuwa amechoka kuambiwa kwamba wimbo ule umetoka kwa Beethoven, aliuona utovu wa adabu. Kwa vyovyote, neno la kwamba mazuri si yake halikuanguka kutoka hewani. Lilikuwa na shina, ingawa tunda lake lilikuwa chungu.

Wala Brahms hakuwa adui wa vijana wote. Kamati hiyohiyo ya ruzuku ndiyo iliyomfikishia kazi za Antonín Dvořák, naye mwaka 1877 akamsifia kwa mchapishaji wake Simrock, akamfungulia dunia. Mwaka 1896, karibu na kufa kwake, alifanya hivyohivyo kwa Alexander Zemlinsky, mwanafunzi wa Robert Fuchs, mwalimu mpole ambaye wanafunzi wake wamekuwa mashuhuri kuliko kazi zake. Kwa nini mlango uliofunguka kwa Dvořák ulifungwa kwa Rott? Wenye kupenda visa hutaja chuki ya Brahms kwa Bruckner, na chuki hiyo ilikuwapo kweli. Lakini tazama mkononi mwa kila mmoja. Dvořák mwaka 1877 alikuwa na miaka 36. Alikuwa amekaa karibu miaka kumi, mpaka 1871, akipiga viola katika okestra ya tamthilia ya Prague, ameketi ndani kabisa ya sauti, usiku baada ya usiku, akisikia kipi kinasikika na kipi kinazama. Naye pia alitoka katika shule ya kinanda cha kanisa. Ila kutoka kinandani alishuka akakaa kitini kwa mpiga viola, na huko alipata elimu ambayo Rott hakuipata.

Baada ya Brahms, Rott alimwendea Hans Richter, kiongozi mkubwa wa okestra mjini. Richter aliitazama simfoni, akaisifu, asiipige. Mwezi wa Oktoba kijana akapanda gari moshi kwenda Mulhouse, kushika kazi ya kuongoza kwaya. Njiani abiria mmoja alitaka kuwasha sigara. Rott akamtolea bastola, akisema asiwashe, maana Brahms amelijaza gari baruti. Alirudishwa Vienna, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, asitoke tena. Kifua kikuu kilimwua tarehe 25 Juni 1884.

Kutokana na baruti ile ya kuwaziwa, wengi wamehukumu kwamba Brahms ndiye aliyemwua. Hukumu hiyo haifai kutolewa na mtu mwenye kupima. Maradhi ya akili hayangoji neno la mtu mmoja. Huchukua tu jina lililo karibu na kulivalisha vitisho vyake. Na kijana yule alikuwa amebeba mengine: mauti mawili nyumbani kabla ya miaka 18, njaa, kazi iliyopotea, miaka miwili ya kubisha hodi. Kumtia Brahms hatiani ni kumpa ukuu wa uongo, na ni kumfanya Rott kuwa mwathiriwa badala ya mtunzi.

Mahler ndiye aliyepata alichokosa Rott. Katika majira ya joto ya mwaka 1880, miezi michache kabla ya safari ile ya gari moshi, alikwenda Bad Hall, mji mdogo wa maji ya tiba, kuongoza michezo ya kuchekesha ya kuimbwa. Ilikuwa kazi ya chini, na okestra ilikuwa ya kubahatisha. Kutoka huko alikwenda Ljubljana, Olomouc, Kassel na kwingineko. Simfoni yake ya kwanza ilipopigwa Budapest mwaka 1889, alikuwa na miaka karibu tisa ya kusimama mbele ya wapigaji. Na hata hivyo aliona haitoshi, akaendelea kuirekebisha, akaiondoa sehemu nzima. Anayeisikiliza ngoma ya kijijini iliyo ndani ya simfoni hiyo baada ya ile ya Rott atashtuka: mwendo ule ule wa miguu mizito, mruko ule ule wa sauti. Wengine wameita wizi. Jina hilo ni kali mno, maana vijana wawili waliosoma darasa moja na kusikia ngoma moja ya wakulima huchota kisima kimoja. Lakini haiwezi kukanwa kwamba Rott alifika kisimani kwanza, na kwamba Mahler alikuja na chombo kisichovuja.

Mahler alijua. Mwaka 1900 aliazima karatasi za simfoni ile, akazisoma, na rafiki yake Natalie Bauer-Lechner ameandika jinsi alivyomsifu Rott, akamwita mwanzilishi wa simfoni mpya kama yeye Mahler alivyoielewa. Mwaka huo Mahler alikuwa kiongozi wa okestra ya Philharmonic ya Vienna. Alikuwa na karatasi mkono huu na okestra mkono huu. Hakuipiga. Hapa, kama lawama ni lazima itolewe, pana mahali pake pa haki kuliko mlangoni kwa Brahms. Brahms alikataa asichokipenda. Mahler alikipenda, alikijua thamani yake, alikuwa na uwezo wote, akakirudisha sandukuni.

Sanduku hilo lilitunzwa na rafiki wa Rott, Joseph Seemüller, na karatasi hatimaye zikawa katika Maktaba ya Taifa ya Austria. Mwanachuoni Mwingereza, Paul Banks, alizichambua akazitayarisha kwa ajili ya kupigwa. Tarehe 4 Machi 1989, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya wino kukauka, simfoni ya Hans Rott ilisikika kwa mara ya kwanza, si Vienna, bali Cincinnati, Marekani, chini ya uongozi wa Gerhard Samuel. Okestra iliyoipiga haikuwa ya mabingwa wa miji mikuu. Ilikuwa ya chuo cha muziki cha chuo kikuu cha mji huo, na waliokaa vitini, kuanzia mpiga tarumbeta ya kwanza mpaka mgonga chuma cha pembetatu, walikuwa wanafunzi.